Pikapu ya Dada na Baridi ya Kule

Baridi ya Kasulu ni ya kuchekesha. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unateremka kutoka upande wa Buhigwe, unakaa barabarani mpaka saa tatu asubuhi, na wanaume wazima wenye ndevu wanatembea wamejifunga vitenge vya wake zao shingoni. Ukija gerejini kwangu asubuhi hizo utakuta madereva na magari yao yaliyogoma kuwaka, kila mmoja na uganga wake. Yupo anayeimwagia pampu maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Yupo anayewasha jiko la mkaa na kulisukuma chini ya injini, kisha anasimama pembeni na kukuambia kwamba anapasha oili. Yupo aliyeziba rejeta kwa boksi la sabuni tangu Kibondo, akasahau kulitoa alipoanza kupanda mlima, akafika kwangu injini inafuka mvuke, na bado anataka nimwonee huruma. Sijawahi kumwonea huruma hata mmoja. Nimekuwa fundi zaidi ya miaka ishirini na sijaona gari hata moja lililokufa kwa baridi hapa. Niliyoyaona yote yaliuawa na wenyewe.

Nasema haya mapema ili unijue. Mimi ni mtu wa dharau. Mke wangu husema nikinyamaza tu mdomo wangu unapinda wenyewe, na watu wanajua nimeshawatukana. Kwa kazi yangu dharau ni kifaa kama spana. Mwenye gari akija na maelezo yake ya kusoma kwenye simu, ukimchekea anaanza kukufundisha kazi. Nilikuwa nawaacha waseme mpaka mwisho, nawatazama viatu, halafu nafungua boneti bila kujibu neno.

Na lipo jambo moja ambalo mafundi wengi ninaowafahamu, kati ya Kibondo na Kasulu, tunalifanya bila kuambiwa. Gari likitua kutoka Japani, likiwa bado linanuka upya wa watu wengine, tunalitoa themostati. Ni kidude kidogo cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Maji yakiwa baridi kinafunga njia ili injini ipate moto haraka, yakishapata moto kinafungua. Kwa Mjapani labda kina faida. Kwetu, gari linabeba maharage tani moja na nusu juu ya uwezo wake, linapanda milima ya Titye kwa gia ya kwanza, na rejeta imejaa tope. Siku kidude hicho kikigoma kufungua, injini inachemka na hedi inapinda. Kwa hiyo tunakitoa kabla hakijaleta balaa. Ile dawa ya rangi ya kijani iliyokuja ndani ya rejeta tunaimwaga chini, tunajaza maji. Ya bomba ukibahatika, ya mtoni usipobahatika. Nilikuwa nimejaza kopo zima la rangi kwa themostati nilizozitoa, na nikiulizwa ni za nini nilikuwa nasema ni meno ya Wajapani.

Sasa dada yangu. Ni mkubwa kwangu, mimi ndiye ninayemfuata. Sisi tumezaliwa Busunzu, wazazi walivuka kutoka Burundi zamani, tukawa raia, tukalima. Yeye aliolewa na Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, akaingia kwenye karatasi za mumewe, na siku jina la familia lilipotoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo akapelekwa nao kwenye nchi ambayo nusu ya mwaka ni barafu. Mumewe alifariki hukohuko. Akabaki na mtoto wao wa kiume, mtu mzima sasa, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Kisha figo za dada zikakata kazi. Tangu hapo ni lazima apelekwe hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, mwendo wa saa nzima kwa gari. Akikosa siku moja anavimba miguu. Akikosa siku mbili maji yanapanda mapafuni. Hilo nililijua vizuri, nililijua kabla ya yote ninayoyasimulia hapa, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba sikujua.

Mpwa wangu alinunua pikapu kwa ajili hiyo. Alikuwa muuza sabuni kwenye soko la kambi, hakuwahi kushika spana maishani, na alichojua kuhusu magari ni kupanda nyuma. Lakini alikuwa na mjomba fundi, na hilo lilimpa kiburi. Fundi wa kule alipompa orodha ya mambo ya kufanya kabla ya baridi kuingia, yeye hakuanza na orodha, alianza na mimi. Akanitumia sauti ndefu kwenye simu. Niliisikiliza gerejini mbele ya watu, kwa makusudi.

"Mujomba, huku baridi si ya kuchezea. Hata mate ukitema inaganda. Bamekanisie ba huku banasema nibadilishe oili, niweke ile nyepesi ya wakati wa baridi. Banasema nibadilishe mipira yote ya magurudumu, niweke ya barafu. Niweke mifuko ya muchanga nyuma, gari isiteleze. Tanki isishuke chini ya nusu. Na mbele kuko kamba ya umeme, usiku naichomeka kwa ukuta, inapasha moteri mpaka asubuhi. Weye unaona je?"

Gereji nzima ilicheka, na mimi ndiye niliyeongoza kucheka. Mchanga! Watu wanaotushinda kwa kila kitu wanabeba mchanga kwenye gari tupu, wanauzungusha mjini kama maiti isiyo na kaburi. Na kuchomeka gari ukutani! Nikamjibu palepale, sauti ikirekodiwa na wenzangu wakichekea nyuma: "Mpwa wangu, hilo ni gari au simu? Usiku unaliweka kwenye chaji? Nawe na elimu yako yote ya kambini umekubali? Hao wanakuona mshamba, wanakuuzia kila takataka ya dukani. Injini inajipasha yenyewe, ndiyo kazi yake."

Alijibu kwa alama za kucheka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba tangu siku hiyo hakuichomeka hata mara moja ile kamba. Aliikunja akaifunga kwa uzi chini ya bampa, asionekane mjinga.

Mipira alibadilisha, kwa sababu dada alimlazimisha. Mchanga aliweka, akanificha. Oili alibadilisha. Mambo ambayo hakuniuliza aliyafanya sawasawa.

Mwezi wa kumi, kabla barafu haijaanza, mshale wa joto ukapanda wakiwa njiani kutoka hospitali. Alisimama, akasubiri, akafika. Fundi wa kule akaangalia na kusema themostati imegoma kufungua, inatakiwa mpya, na dawa ya rejeta pia ibadilishwe yote kabla ya baridi. Alimpa tarehe ya kurudi wiki mbili mbele, kwa sababu kule hata gari linapewa tarehe kama mgonjwa. Mpwa wangu akanipigia.

Niliposikia neno themostati nilijisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hatimaye kitu ninachokijua. Nikamwambia, "Wiki mbili za nini? Hicho kidude kwetu tunakitupa. Hakuna gari la maana Kasulu nzima lenye hicho kidude. Nitakuelekeza mwenyewe."

Ikawa Jumamosi, kwangu jioni, kwake asubuhi. Tukapigiana simu ya picha. Dada ndiye aliyeshika simu kwa sababu kijana alihitaji mikono yote miwili. Nilimwona kidogo mwanzoni, amevaa koti lililomzidi, uso umepungua, lakini anacheka. Akanisalimia kwa Kiha, akaniuliza watoto, kisha akaielekeza simu kwenye injini kama nilivyomwambia. Picha ilikuwa inachezacheza na nikamkemea. Nilimwambia ashike vizuri, mimi siangalii arusi.

Kazi yenyewe ilichukua saa moja na nusu. Ningeifanya kwa dakika ishirini nikiwa nazungumza na mtu mwingine. Kijana alifungua bomba la chini, dawa ya kijani ikamwagika kwenye beseni, akafungua kifuniko, akakitoa kidude na kukionyesha kwenye simu. Nikamwambia atupe. Akarudisha kifuniko bila kitu ndani. Akauliza ajaze nini.

"Maji," nikasema.

Akasita. "Fundi alisema dawa, mujomba. Mayi ya huku inaganda."

"Gari likiwa linawaka maji yataganda vipi? Wewe umesikia wapi maji yanachemka na kuganda kwa pamoja? Jaza maji."

Nikasikia sauti ya dada kutoka nyuma ya simu, taratibu: "Mdogo wangu, lakini usiku linalala nje." Nikamwambia magari yote duniani yanalala nje. Kijana akajaza maji ya bomba.

Gari likaenda vizuri. Mshale haukupanda tena. Kwa wiki kadhaa nilikuwa natembea na habari hiyo mdomoni, nikimsimulia kila dereva aliyetaka na asiyetaka kwamba nimetengeneza gari la ng'ambo nikiwa nimekaa kwenye ndoo Kasulu, na mafundi wao wa kuvaa glavu wamebaki kutoa tarehe. Nilikuwa nawadharau sana mafundi wale. Sikuwahi kumwona hata mmoja.

Mwezi wa kumi na moja kijana akatuma ujumbe kwamba feni ya joto ndani ya gari inapuliza hewa ya baridi tu. Mama yake anasafiri amejifunga mablanketi mawili, akitoka kwenye mashine damu yake imepoa anatetemeka njia nzima. Je, ni ile themostati? Na kweli ilikuwa ni ile. Bila kidude hicho maji hayapati moto, na hewa ya kupasha ndani inatoka kwenye maji hayohayo. Hili nilikuwa nalijua. Fundi yeyote analijua. Kwetu halina maana kwa sababu nani anawasha joto ndani ya gari Kasulu? Nilijua, na nikamwandikia: "Mvalishe koti la maana. Nyie mmezoea starehe haraka."

Dada hakulalamika. Hiyo ndiyo tabia yake, na kwa miaka mingi niliichukulia kama ujinga wake.

Kisha ikaja baridi yenyewe. Ilikuwa mchana wa saa tisa kwetu, alfajiri kwao, nilikuwa chini ya gari la mtu wa Kibondo aliyekuwa akinieleza jinsi anavyolipenda gari lake. Simu ikaita. Nikatoka chini na mikono ya oili. Kijana alikuwa analia, na si kilio cha kuonyesha. Alikuwa analia huku anajaribu kuzungumza kama mwanaume.

"Mujomba, moteri imepasuka. Mayi iligeuka barafu ndani. Kuko ufa naweza kuingiza ukucha. Na leo ni siku ya mama ya kwenda ku mashine."

Niulize nilimjibu nini. Nilimwambia, "Kwa nini uliliacha nje?"

Usiku ule theluji ilikuwa imeanguka mpaka kiunoni. Teksi hazikutoka. Hospitali wakasema mgonjwa aletwe kesho. Kesho barabara ikawa bado imefungwa. Siku hizo mbili nilifungua gereji kama kawaida na sikufanya kazi yoyote. Nilimfokea mteja mmoja bila sababu, nikamrudisha mwingine. Kila simu ilipoita nilikuwa naitazama kwanza, naogopa kuishika. Niliyahesabu masaa ya kule. Akilini nilimwona dada amekaa kitandani kwa sababu akilala anazama, kama alivyowahi kunieleza, na mimi nikamwambia wakati ule kwamba anapenda kujitia ugonjwa. Siku ya tatu gari la wagonjwa likafika nyuma ya greda la kuondoa theluji. Alilazwa siku tisa. Madaktari walimwambia kijana kwamba moyo wake umechoka na hautarudi ulivyokuwa.

Alipona, kwa maana ya kwamba alirudi nyumbani. Pikapu ilivutwa, ikawa chuma chakavu. Sasa anachukuliwa na basi dogo la wagonjwa. Linamchukua wa kwanza na kumrudisha wa mwisho, linazunguka nyumba zote, na inampasa awe amesimama mlangoni kabla halijafika kwa sababu halingoji. Safari ya saa moja imekuwa ya saa nne.

Mwezi wa tatu kaka yetu mkubwa alituita Busunzu. Yeye ndiye aliyebaki kwenye shamba la wazazi, ni mzee wa kanisa, na mambo ya ukoo yakiharibika anayaita mezani kama kesi. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani, tukaomba, kisha akaweka simu juu ya meza katikati yetu, sauti ikiwa imefunguliwa wote tusikie. Alianza salamu za Kiha, ndefu, na makofi yake akayapiga mbele ya simu kana kwamba anaonekana. Kule wakaitikia. Nilisikia sauti ya dada mara moja, nyembamba, kisha ya kijana.

Kaka hakuzunguka. "Kijana," akasema, "mama yako alikaribia kufa kwa uzembe wako. Tumesikia ulifungua gari mwenyewe, ukatoa vitu usivyovijua, ukamwaga dawa ukaweka maji. Ni kweli?"

Nilikuwa bado sijanawa. Niliangalia mkono wangu uliokuwa na ugali umekauka kwenye vidole.

"Ni kweli, mujomba," kijana akasema. "Fundi wa huku aliniuliza, ni mujinga gani alitoa hii kintu. Nikamwambia ni mimi."

"Nani alikutuma?"

Nilisikia kule mlango ukifungwa, au kiti kikisogezwa, sijui.

"Hakuna mutu. Ni mimi tu. Nimekosa, munisamehe."

Shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekaa karibu na mlango akaguna. Kaka akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaninyooshea kidole. "Na mjomba wako fundi unaye. Amekaa hapa. Miaka ishirini ya kazi. Hukuweza hata kumpigia simu ukamuuliza? Haya, fundi, mtoto wa dada yako huyo. Mwambie kitu."

Akaisukuma simu mpaka mbele yangu. Watu kumi na wawili walikuwa wananitazama, na nilijua nyuso zao zote, nilikuwa nimezidharau tangu utotoni, moja baada ya nyingine. Wangenitazama vipi baada ya neno moja tu? Lilikuwa neno fupi, nililihisi kwenye ulimi. Badala yake nilisikia koo langu likijisafisha, na sauti ninayoitumia gerejini ikatoka.

"Siku nyingine," nikasema, "usiwe mjuaji. Uwe unauliza wanaojua."

Aliyejibu ni dada.

"Amesikia, mdogo wangu," akasema. Halafu akaomba simu arudishiwe kaka.